Nyumba Ilibaki, Mtaa Ukahama

Siku mliyoniaga ofisini mlinipa seti ya sufuria na saa ya ukutani, kisha mmoja wenu akasema, "Mama, tuandikie basi hayo uliyoyaona." Nikaitikia kwa adabu nikidhani mtasahau. Hamkusahau. Vyeo nilivyopata, na vile nilivyovikosa, vimo kwenye faili langu masjala. Anayetafuta usingizi wa haraka akalisome huko. Mimi nitawaeleza kazi yenyewe, kazi ya kukagua majengo katika mji huu wa Sumbawanga, na zaidi nitawaeleza habari za nyumba moja ya mtaa wa maduka ya zamani. Nimekagua nyumba nyingi, lakini hiyo ndiyo ninayoiwaza nikiwa peke yangu.

Nilitoka chuo cha ufundi nikiwa binti mwembamba, mtoto wa wakulima wa mahindi na ulezi, na siku ya kuripoti kazini nilivaa viatu vyeupe. Mkaguzi niliyewekwa chini yake alikuwa Mzee Leonsi, mtu wa maneno machache, aliyevaa koti zito mwaka mzima kwa sababu, alisema, baridi ya Ufipa haifuati kalenda. Hakunionyesha meza wala kiti. Alinipeleka kwa miguu hadi kwenye ghala moja kuukuu nyuma ya soko, akaegemeza ngazi, akasema, "Panda darini, uje uniambie kuna nini."

Nilishuka nikiwa na mavi ya popo kichwani na viatu vimegeuka rangi. Nikamwambia kenchi mbili za kushikia paa zimeliwa na mchwa na bati limetoboka upande wa magharibi.

"Na maji yakiingia hapo, yanashukia wapi?"

Sikujua. Akanirudisha juu. Niliposhuka mara ya pili nikiwa na jibu, akanipa mkono. "Sasa umeripoti," akasema.

Mengi niliyoyatumia baadaye yalitoka kwake. Nyumba ya tofali za kuchoma, alisema, hufa kwa kichwa au kwa miguu: paa likivuja, au msingi ukilowa. Kwa hiyo anza na njia ya maji, ndipo uzitazame nyufa. Gonga lipu kwa nyundo ndogo usikie ilipoachia. Shusha timazi, uzi wenye uzito nchani, kabla hujasema ukuta umelala, maana macho hudanganywa na mlango uliokaa upande. Na ukikuta ufa, usiuogope wala usiudharau. Chukua kipande chembamba cha kioo, kibandike kwa jipsamu kikatize ufa, kisha uende zako. Ukirudi baada ya majuma kadhaa ukakikuta kizima, ufa umelala; ni kovu tu la zamani. Ukikikuta kimekatika, ukuta unatembea, na hapo ndipo pa kuondoa watu. "Usiandike nyumba ni mbovu," alikuwa akisema, "mpaka uweze kuuonyesha ubovu kwa kidole."

Kifaa kimoja sikukipenda hata siku moja, nacho ni lile kopo la rangi nyekundu. Mnalijua. Kuchora alama ya X kwenye ukuta wa mtu ni kazi ya dakika moja, lakini mwenye nyumba huiona alama ile kila anaporudi kwake. Kuna muuza nyama mmoja niliyemchorea X, akaipaka chokaa usiku uleule. Mvua ya kwanza ikaiosha chokaa, X ikatokea tena ikiwa imefifia, ya waridi, kama imeona haya. Alikuja ofisini kunishitaki kwamba nimemchorea mara mbili. Nilicheka wakati ule. Baadaye, nilipomwona akihamisha magodoro, sikucheka.

Sasa niwaambie habari za mtaa wenyewe. Vijana wengi mmeujua ukiwa tayari nusu ni vioo. Zamani ulikuwa safu mbili za nyumba za chini, kuta nene za tofali za kuchoma, mabati yaliyopata kutu ya rangi moja na udongo wa barabara, na mbele ya kila nyumba baraza pana lenye nguzo za mninga. Mabaraza yaliungana, nyumba hadi nyumba, kiasi kwamba mvua za masika zikishuka ungeweza kutembea kutoka juu ya mtaa hadi chini bila kulowa. Ndani ya maduka kulikuwa na vitenge vilivyopitia mpakani Kasesya, majembe, chumvi, sabuni. Lakini maisha yalikuwa barazani. Washona viatu, mafundi cherehani, wauza tumbaku ya kunusa, na watu wa vijijini waliosubiri gari la kurudia wakiwa wamekalia vifurushi vyao. Hakuna aliyewauliza wanangoja nini.

Katikati ya safu ya kushoto ilikuwa nyumba ya Mama Yustina. Marehemu mumewe aliirithi kwa baba yake. Mama Yustina alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule na magauni ya watoto wa komunyo ya kwanza, na nusu ya mabinti wa parokia yetu walimwendea Bwana wakiwa wamevaa kazi ya mkono wake. Barazani kwake walikaa pia mafundi wengine, mmoja wao Anselmi, mshona suruali, mzee mwenye ulimi mkali ambaye alimwambia kila mteja kwamba amenenepa.

Lami ilipofika, mji ulibadilika kuliko nilivyotegemea. Siwezi kusema ulibadilika vibaya. Wagonjwa walifika hospitali, mahindi yalipata bei, watoto wetu walioenda mbali walirudi na nauli yao wenyewe. Ila thamani ya kiwanja cha katikati ya mji ilipanda, na nyumba ya chini ikaanza kuonekana kama mtu aliyelala kwenye kiti cha watu watatu. Wa kwanza aliuza, ikajengwa ghorofa. Wa pili akauza. Majengo mapya yaliletwa hadi kwenye ukingo wa barabara kabisa, chini fremu za maduka za kupangisha, juu vioo vya bluu. Mabaraza yakakatika. Mvua ikinyesha, watu wakawa wanakimbia.

Wakati huo Mzee Leonsi alikwisha kufariki na mimi ndiye niliyekuwa naonyesha wengine ngazi. Siku moja alikuja ofisini mtoto wa Mama Yustina, Deo, anayeishi Mwanza. Ni kijana wa heshima. Alinisalimu, akaniuliza hali ya nyumbani, akakaa.

"Mama, nimekuja kuomba msaada," akasema. "Nyumba yetu ina ufa chumba cha nyuma. Mama yangu analala humo. Mimi na dada zangu tunataka auze, ajenge pazuri kule Izia, nje ya katikati ya mji, apumzike. Hataki. Ukiandika kwamba nyumba ni hatari, atahama bila ugomvi."

"Na isipokuwa hatari?"

Akainamisha kichwa. "Mama, mimi nikipigiwa simu usiku wa mvua, siangalii kwanza ni nani. Natetemeka kwanza."

Nilimwamini. Msidhani kila anayetaka nyumba ibomolewe anafuata fedha. Nikamwambia nitakagua, na nitaandika nitakachokikuta.

Nilikwenda kesho yake. Mama Yustina aliniona na mkoba wa vifaa, akasimamisha cherehani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Deo amekutuma."

"Deo ameniomba. Anayenituma ni ofisi."

"Basi ingia ukague. Ukimaliza utakunywa togwa."

Nilianza na maji. Paa lilikuwa chakavu lakini halikuvuja; mwenyewe alikuwa akipanda kuziba matundu kwa lami ya kuchemsha, umri ule. Msingi wa mawe ulikuwa mkavu. Kuta za mbele zilisimama sawasawa na timazi. Chumba cha nyuma kilikuwa na ufa kweli, kutoka juu ya dirisha hadi kwenye kona, unaoingiza ncha ya kidole. Nikabandika vioo viwili. Mama Yustina alinitazama nikipaka jipsamu.

"Hicho kioo kitafanya nini?"

"Kitatuambia kama ukuta unahama."

"Mimi ningekuambia bila kioo," akasema. "Lakini bandika."

Niliporudi, vioo vyote viwili vilikuwa vizima. Nilirudi tena baada ya mvua kubwa, vizima. Nikaandika kwamba nyumba inakalika, ikarabatiwe paa na kona ya nyuma. Deo aliisoma taarifa, akakunja karatasi taratibu, akanishukuru. Ilikuwa shukrani nzito kuibeba.

Mwaka uliofuata kiwanja cha jirani kilinunuliwa na Masanja, mfanyabiashara wa mahindi na mpunga. Wazazi wake walikuja na ng'ombe kutoka Usukumani, wakakaa bondeni upande wa Muze, yeye akaacha fimbo ya ng'ombe akashika mizani. Kibali chake cha kujenga ghorofa tatu kilikuwa sahihi, na michoro yake mizuri. Lakini mkandarasi wake alipochimba msingi alileta katapila hadi kando kabisa ya ukuta wa Mama Yustina, shimo lenye kina kuliko msingi wa jirani, bila kuzuia udongo kwa chochote.

Asubuhi hiyo Mama Yustina alikuja ofisini mwenyewe, na hakuwa na kawaida ya kuja. Alifungua kitambaa alichokishika mkononi. Ndani mlikuwa na vipande viwili vya kioo.

"Kimekatika wakati nafunga kanga," akasema. "Nimesikia."

Nilikwenda mbio. Ufa uliokuwa umelala miaka yote ulikuwa umefunguka, na lipu imemwagika kitandani. Nikamtoa Mama Yustina akalale chumba cha mbele, nikaenda kwenye shimo, nikasimamisha kazi. Dereva wa katapila aliniuliza kwa amri ya nani. Nikamwonyesha kitambulisho, naye akakisoma chote, hata mgongo.

Mchana Masanja akaja ofisini kwangu. Mtu mrefu, mwenye vumbi la pumba kwenye mikunjo ya shati.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Masanja. Keti."

Hakukaa. "Umenisimamishia kazi."

"Nimesimamisha shimo. Ukuta wa jirani yako umeanza kutembea."

"Nyumba yenyewe kila mtu anasema itauzwa. Kama si mwaka huu, mwakani."

"Leo haijauzwa. Leo kuna mtu anaishi nyuma ya ukuta ule."

Akavuta kiti. "Mama, mimi nimekuwa mkoa huu tangu nikiwa mtoto wa kufuata ndama. Mpaka leo nikikosana na mtu kwenye mizani, ananiambia nirudi kwetu. Kwetu wapi? Wanangu wamezaliwa Muze. Nikisimamisha jengo katikati ya mji huu, nani tena ataniambia nirudi?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilikuwa nimemwona kama shimo lake tu. "Jenga," nikamwambia. "Hakuna anayekukataza. Ila kwanza mshikie mama yule ukuta wake."

Aliushika. Aliuegemeza kwa mirunda siku ileile, akajaza shimo upande ule, akajenga ukuta wa mawe wa kuzuia udongo, kazi safi ambayo hadi nilipostaafu nilikuwa nawaonyesha vijana michoro yake. Tena alikwenda mwenyewe barazani kuomba radhi. Mama Yustina alimkalisha kwenye benchi, akampa togwa, akamwambia Anselmi ampime suruali. Anselmi akamwambia amenenepa. Nilibandika kioo kingine. Hakikuvunjika.

Nikaona nimeshinda. Nikaona pia kwamba nisipofanya jambo nitakuwa nashinda nyumba moja moja mpaka nizeeke. Basi nikaandika pendekezo: kila jengo jipya katika mtaa ule liache mbele baraza lenye paa, la upana uleule wa zamani, liungane na la jirani. Nililipeleka kwenye kikao cha halmashauri. Mjumbe mmoja akaniuliza, "Mama Mkaguzi, unataka mji wetu ubaki kijiji?"

"Nataka mvua ikinyesha mtu apate pa kusimama," nikajibu.

Lilichukua muda, likapita. Masanja alikuwa wa kwanza kulitekeleza, ingawa ilimbidi arudishe fremu zake nyuma. Jengo lilipokamilika nilikwenda kulikagua kabla halijafunguliwa. Baraza lilikuwa pana kama nilivyoandika, paa zuri, nguzo za zege, sakafu ya vigae inayong'aa. Na ukutani kulikuwa na kibao: Hairuhusiwi kukaa hapa.

Nilimwuliza Masanja. Akaona aibu kweli. "Wapangaji wa fremu, mama. Wanalipia mlango wao uonekane. Fundi cherehani akikaa mbele yake, mwenye duka ananipigia simu." Nikafungua nakala ya masharti niliyoyaandika kwa mkono wangu. Upana ulikuwemo, paa lilikuwemo, hata mteremko wa kuondolea maji. Mtu wa kukaa hakuwemo, na sijui hadi leo mtu angeandikwaje humo.

Baada ya hapo mtaa uliondoka polepole kama maji ya bonde yanavyoondoka kiangazi: huoni yakienda, unaona tope. Muuza tumbaku alihamia karibu na stendi. Washona viatu wakatawanyika. Ghorofa ya Masanja ilisimama kulia kwa Mama Yustina, na baadaye nyingine kushoto, jua likawa linamfikia saa chache tu, na huku kwetu mtu asiye na jua mwezi wa Juni hashiki sindano kwa baridi. Wazazi wa watoto wa komunyo wakaanza kununua magauni yaliyoshonwa tayari, dukani kwenye vioo, hatua chache kutoka kwake. Anselmi alibaki kwa ubishi, kisha naye akapata nafasi chini ya ngazi za ghorofa moja, akaondoka na cherehani yake kwenye mkokoteni bila kuaga vizuri. Nadhani aliogopa kuaga.

Siku moja nikiwa mezani kwangu, Mama Yustina akaingia akiwa peke yake. Alinyoosha karatasi mbele yangu. Ilikuwa maombi ya kibali cha kubomoa, yenye sahihi yake.

Nilimwuliza kama Deo amemlazimisha.

"Deo hata hajui. Nitampigia leo jioni, afurahi." Akaketi, akaweka mikono mapajani. "Mwanangu, wewe umeitendea haki nyumba yangu. Nyumba ni nzima, najua. Lakini asubuhi nikifungua mlango sina wa kumsalimu. Anapita mtu ameangalia simu, anapita mwingine ameangalia simu. Mtaa ulikwisha kuhama, Mama Mkaguzi. Mimi nimebaki nimeshika nyumba tu, kama mtu aliyeachiwa mzigo stendi."

Nilitaka kumwambia kwamba ukuta ungesimama miaka mingine mingi. Ilikuwa kweli, nami nilikuwa na vioo vya kuthibitisha. Nikaona kweli hiyo haimsaidii. Nikachukua kalamu nikapitisha maombi yake, kwa sababu yalikuwa halali na yalikuwa yake. Mkono wangu ulikuwa mzito kuliko siku zote nilizoshika brashi ya rangi nyekundu.

Masanja ndiye aliyenunua. Mama Yustina aliweka sharti moja, kwamba nguzo za baraza na milango ni vyake. Siku ya kubomoa nilikuwepo, maana sheria inataka mkaguzi awepo. Vijana walitoa nguzo kwanza, moja moja, wakizifunga kamba na kuzishusha taratibu, na Masanja mwenyewe alishika mwisho wa kamba. Lori lake la mahindi lilizipeleka Izia. Kisha katapila ikaingia. Ukuta wa mbele ulikataa mara mbili kabla ya kuanguka. Mama Yustina hakuja. Deo alisimama kando yangu, ameshika kofia yake.

"Ulikuwa imara kweli," akasema.

"Ndiyo," nikasema.

Nyumba chache za upande wa chini wa mtaa bado zipo, na wenyewe wamekubaliana wasiuze mmoja mmoja. Mabaraza yao yangali yameungana. Nendeni mkayatazame mapaa yake kabla ya mvua, na msisubiri kuombwa. Mkiandika masharti mapya, nendeni kwanza mkazungumze na wanaokaa pale, muda mrefu, hata kama hawana hati ya kiwanja. Hilo ndilo tu ninaloweza kuwapa juu ya lile mlilojifunza chuoni, na sina hakika kwamba linatosha.

Mwezi uliopita nilikwenda Izia na kitenge kwenye mfuko. Nyumba ya Mama Yustina ni ya bloku, ndogo, bati jipya. Mbele amejenga baraza, na nguzo zile za mninga zimesimama zikitazama barabara ya udongo na shamba la mahindi la jirani. Yeye alikuwa kwenye cherehani, amevaa sweta, jua limempiga magotini. Sikuona mteja.

"Karibu, Mama Mkaguzi," akasema. "Umekuja kupima? Nguzo ya mwisho imeinama kidogo."

Nilikuwa nimekwisha kuiona. "Sijaja kupima, Mama. Nimestaafu. Nimekuja unishonee gauni."

Alikipokea kitenge, akakikunjua, akakitazama mwangani, akakipitishia kiganja. Kisha akasogeza benchi kwa mguu.

"Basi kaa."

Nikakaa. Alinipima mabega bila kuniambia nimenenepa. Barabarani akapita mama mmoja na jembe begani, akitoka shamba. Alitusalimu, tukaitikia. Akapiga hatua mbili, akasita kama mtu anayejiuliza kama ana haraka au hana, kisha akarudi, akaliegemeza jembe kwenye nguzo, akaketi upande wa pili wa benchi.